Kimya cha Stoo ya Viti

Siku ya kwanza walituambia: elezeni filamu yenu
kwa sentensi moja.
Moja tu. Tulikuwa kumi na wanne ukumbini, Milimani, Kisumu,
feni ikizunguka kama mtu anayetafuta funguo,
na Wafubwa wa Kimilili akauliza
kama nukta-mkato inaruhusiwa.

Mimi natoka Luanda, ile ya Vihiga, si ile ya ndege.
Napiga video za mazishi.
Miaka kumi na moja, Jumamosi kwa Jumamosi,
kutoka Esibuye hadi Maseno,
elfu nane na chai; elfu kumi wakitaka
jina la marehemu liingie likimeremeta.
Najua pembe ya kusimama ili jeneza lisimfiche mjane.
Najua mjomba gani analilia kamera,
na nikiizima atanyamaza.

Fomu ilikuwa na kurasa ishirini na mbili.
Taja hadhira yako. Nikaandika: waliokaa nyuma.
Taja hatari. Nikaandika: mvua, shemeji.
Bajeti: betri, nauli ya pikipiki, bima.
Kulikuwa na safu ya ushauri wa kitaalamu,
hakukuwa na safu ya sukari kilo mbili,
nawe huingii boma la watu Ebunyore mikono mitupu
ukasema umeleta sanaa.

Kemuma wa Keroka aliandika yake mara tisa.
Usiku hostelini nilimsikia akiisoma chini ya blanketi:
dada wawili na jiwe moja la Tabaka...
akifuta, akisema, akifuta.
Pesa ina lahaja yake. Tulikuwa tunajifunza kuitamka.

Siku ya sita mkufunzi, Bi. Apondi,
macho mekundu ya mtu wa kuhariri,
alivuta kiti kando yangu.
Akafungua kadi zangu za zamani, mazishi juu ya mazishi,
akayapeleka mbio, kisha akasimamisha.
"Huyu ni nani?"
Ukingoni mwa picha, mgongo.
Akafungua mengine. Mgongo uleule,
shati lingine, mwaka mwingine,
viti vinne kila mkono.

Okutoyi. Okutoyi wa viti.
Nimemchukua mara mia tatu, wala sijawahi kumlenga.
Nikaandika:
Mtu hupanga viti mia mbili kila Jumamosi
na hajawahi kuonekana amekaa.

Barua ilikuja mwezi wa tatu. Ilianza na "tumefurahi,"
nikashuka polepole, kama mtu ashukaye ngazi gizani,
hadi nikaikanyaga "hata hivyo."
Nafasi ya pili katika orodha ya akiba.
Kemuma alipata. Nikampigia, tukapiga kelele wote wawili,
yangu ikachelewa kidogo.

Ila waliniazima maikrofoni, siku thelathini,
ndani ya sanduku jeusi lenye sponji.
Nikasaini kwamba ikipotea nalipa.
Bei yake ni mazishi kumi na tisa.

Okutoyi alisikiliza maelezo yote akifunga kamba.
"Kwa hiyo unataka nikae."
Hapana, nikasema. Sijui. Labda.
"Nikikaa, nani atahesabu?"

Bi. Apondi alitufundisha: kabla ya neno lolote
rekodi sekunde sitini za kimya cha mahali,
maana kila chumba kina kimya chake
na huwezi kuazima cha jirani.
Basi tumesimama stoo, nyuma ya kinu cha mahindi,
viti vimepandana hadi kwenye bati,
vyeupe, vya buluu, kimoja kimeshonwa kwa waya.
Nimempa kisogo, vipokea sauti masikioni.
Nainua kidole: tayari.
Kumi na tano. Bati linapanuka kwa jua.
Thelathini. Pumzi yake; ina mluzi ambao sikuwahi kuusikia.
Arobaini na moja: plastiki inalia, mguu unasugua sementi,
nami sigeuki,
nahesabu.